Hesabu Iliyoanzia Begani

Jumatatu, 14 Julai

Nimekata magauni manne tangu asubuhi. Yamebaki kumi na nane. Sare za sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa Mama Fanueli kabla ya harusi, Jumamosi ya tarehe 2 Agosti. Kitenge cha kijani chenye maua ya njano, kizito, kinamaliza makali ya mkasi. Mimi nakata, Mama Nuru anashona. Ndivyo tulivyo miaka kumi na moja sasa kwenye kibaraza hiki kimoja. Mimi kola zangu hazitulii. Yeye akishika mkasi mkono unatetemeka. Mteja akimkosa mmoja wetu, anarudi kesho.

Mchana nilitoka kwenda zahanati. Kichwa kimeniuma wiki nzima. Presha imepanda kidogo, bado si ya dawa. Nesi akanipandisha kwenye mzani. Kilo 74. Alitaka na urefu, lakini foleni ilikuwa imefika getini na kifaa cha kupimia urefu kilikuwa chumba kingine. Akanicheka, akaniambia: Fundi mzima, futi kamba shingoni, kajipime mwenyewe, upige hesabu, urudi baada ya wiki mbili. Akanipa kikaratasi.

Kikaratasi kinasema: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha jibu ligawanye tena kwa urefu uleule. Unachopata ndiyo BMI yako. Ikiwa chini ya 18.5, uzito wako ni pungufu. Kuanzia hapo mpaka 24.9, uko sawa. 25 mpaka 29.9, uzito umezidi. 30 kwenda juu, ni unene unaohitaji kushughulikiwa. Ni kwa watu wazima tu.

Rahisi. Hesabu nilikuwa wa pili darasani. Nitaipiga kesho.

Jumanne, 15 Julai

Nimeipiga. Wala sikuhangaika kujipima, vipimo vyangu vimo kwenye daftari la wateja, ukurasa wa kwanza kabisa. Urefu 54. Inchi hizo. Mara 2.54 ni sentimita 137, yaani mita 1.37. Kilo 74 gawanya kwa 1.37, gawanya tena kwa 1.37.

39.4.

Nimerudia mara tatu. Simu imenijibu vilevile.

Nimejitazama kwenye kioo cha wateja, mbele na ubavuni. Mnene, sawa, sikatai. Watu wakinisalimia huanza na "umenenepa" na mimi hujibu asante, maana hapa kwetu ni sifa. Lakini 39? Nimeogopa. Mama yangu alianguka akiwa na miaka hamsini, akakoroma kidogo na hakuamka tena. Mimi ninayo arobaini na saba.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya pili bila chapati. Chai haina sukari, haina maana. Jana mume wangu, Baba Joel, alileta perege wa ziwani, wabichi, wanono, nami nikala mchicha wa kuchemsha huku nikimwangalia akinyonya kichwa. Akaniuliza nimefanyiwa nini huko zahanati. Nikamwonyesha hesabu. Akasema yeye ananiona niko vilevile. Hilo halikunisaidia kitu.

Leo akina mama wa kamati ya sendofu walikuja kujaribisha magauni. Nikawaeleza. Basi kila mtu akataka yake. Jirani yetu mnunuzi wa mbaazi ana mzani mkubwa wa magunia, wakapanda mmoja mmoja wakicheka, mimi nikasoma urefu kutoka daftarini na kupiga hesabu kwa sauti. Mama Fanueli, kilo 84: 50.1. Akakaa chini palepale juu ya gunia. Watu saba, hakuna aliyekuwa chini ya 31. Niseme kweli, nilifurahi. Nilijiona daktari.

Kisha nikafanya jambo la kijinga. Nikamwita Mama Nuru. Akakataa, akasema ana zipu ya kumalizia. Nikamvuta mkono mbele ya wote. Kilo 58. Daftari linasema 52. Jibu: 33.3. Nikalisoma kwa sauti ileile niliyowasomea wengine.

Mwaka jana alipasuliwa tumbo. Alishuka mpaka kilo 43. Mtaani walinong'ona wanayonong'ona watu wakimwona mtu amekonda ghafla. Kila kilo aliyorudisha ameirudisha kwa kijiko cha uji, na uji wenyewe mara nyingi nilipika mimi. Nilijua yote hayo. Nikasoma tu.

Alirudi kwenye cherehani akashona mpaka jioni. Kawaida huwa anaimba.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya. Niandike haraka.

Mama Fanueli alikuja asubuhi na uamuzi. Anaanza kujinyima leo, tarehe 2 atakuwa mwingine, kwa hiyo gauni lake nilikate dogo. Inchi nne pungufu kiunoni. Wenzake watatu wakamuunga mkono. Mama Nuru akainua kichwa: "Sisi tunashona mwili uliopo. Mwili unaokuja hatujauona." Alikuwa sahihi, na mimi nilijua yuko sahihi, ndiyo maana nikakasirika. Nikamwambia mtu mwenye 33 asiwasemee wengine, naye aanze kupunguza.

Akafunika cherehani. Akaita bajaji. Akapakia cherehani, kiti chake na mto wake, akaenda zake kwao Bonga. Magauni tisa ameyaacha hayajaunganishwa.

Kwa hasira nimekata gauni la Mama Fanueli kwa kipimo alichotaka. Mkasi ulikwenda wenyewe. Mpaka naandika hapa ndipo naona nilichofanya.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani Mama Nuru alikaa upande wa pili. Hakugeuka. Nimemkasirikia bado. Namba si zangu, ziko kwenye karatasi, mimi nimezisoma tu. Kama ukweli unamuuma akaulize zahanati.

Nimekula viazi viwili na kabichi. Njaa inanifanya niwe mkali, mwanangu Joel amenikwepa siku nzima.

Nimemkumbuka Mama Nuru. Basi, nimesema.

Jumanne, 22 Julai

Nimejaribu kuunganisha mwenyewe. Kola ya kwanza imekaa kama mdomo wa kambare. Ya pili nimeifumua mara nne mpaka kitambaa kimechoka. Siku kumi na moja zimebaki na nina magauni matatu tu ya kumvalisha mtu.

Saa tisa Baba Nuru amefika kibarazani. Ni mtu mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Leo pia hakupandisha. "Shemeji, mke wangu hali chakula. Tangu Alhamisi. Anakunywa maji ya ndimu, anakula kipande cha kiazi, basi. Nikimwambia ale, anasema Mama Joel hakosei hesabu." Jana, akifagia uwanja, kizunguzungu kilimkalisha chini. Kovu linamuuma tena.

Ningemwambia nini? Kwamba ale, wakati karatasi inasema 33? Kwamba asile, wakati nilimwona mwaka jana mifupa ya mabega imetokeza? Nimemwambia nitakuja kesho. Akashukuru. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Nampenda yule mwanamke kama ndugu yangu wa tumbo moja. Sijawahi kumwambia. Nimemwambia 33.3.

Jumatano, 23 Julai

Nimeumbuka, nimepona, nimecheka, nimelia. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Baba Joel alinisindikiza kibarazani kabla sijaenda Bonga. Aliniona nilivyo, akataka kunichekesha, akapanda mzani wa mbaazi na kusema nimpige na yeye hesabu. Kilo 62. Baba Joel ni mrefu na hana nyama popote, mkanda wake una matundu aliyoyaongeza kwa msumari. Nikafungua daftari, nikakuta kipimo chake, 42, nikazidisha, nikagawanya, nikagawanya tena.

54.2.

Alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema amemshinda Mama Fanueli, apewe kikombe. Na mimi nikacheka, kicheko cha kwanza tangu juma lililopita. Halafu nikakikata katikati. Nikaangalia tena daftari. 42 ni suruali. Suruali huanzia kiunoni.

Lakini Baba Joel haanzii kiunoni.

Niliona polepole, kama mtu anayesoma barua kwa lugha ngeni. Gauni huanzia begani. Miaka ishirini na mitatu nimewapima wanawake wa mji huu kutoka bega hadi kisigino, sijampima hata mmoja kichwa, kwa sababu hakuna anayeshonewa kichwa. Wote niliowapigia hesabu niliwapigia bila shingo na bila kichwa. Na mimi mwenyewe wa kwanza.

Nilipiga kelele. Mnunuzi wa mbaazi alitoka mbio akidhani tumeibiwa.

Baba Joel akanisimamisha ukutani. Viatu nje, visigino vimegusa ukuta, macho mbele, daftari limelazwa juu ya utosi, akachora mstari kwa chaki yangu. Kutoka sakafuni mpaka mstarini: sentimita 163. Kilo 74 gawanya kwa 1.63, gawanya tena kwa 1.63. 27.9. Uzito umezidi, ndiyo, lakini si 39! Nikamkumbatia Baba Joel hadharani, barabara ya Singida nzima ikiona, jambo ambalo hatufanyi.

Bodaboda mpaka Bonga. Mama Nuru alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele wa watu wengine kula. Uso umechongoka kwa siku sita tu. Nikaanza kueleza nikiwa bado sijashuka vizuri, suruali, bega, kichwa, 54. Hakucheka. Akasema, "Wewe na vipimo vyako."

Hapo nikaacha hesabu. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia anisamehe. Hesabu mbovu nimeirekebisha, hiyo ni rahisi. Nisamehe kwamba nilikuvuta mkono ulipokataa. Nisamehe kwamba nilikusoma mbele ya watu, mimi ninayejua kilo zako zimetoka wapi.

Aliendelea kuchambua mchele mpaka nikasikia magoti yanauma. Kisha akainuka, akavua ndala, akaegemea fremu ya mlango. Nikalaza rula juu ya kichwa chake. 158. Hakuniachia nipige. Alichukua simu yake, akapiga mwenyewe, kilo 58 zile za Alhamisi, akapiga tena mara ya pili.

"Ishirini na tatu nukta mbili," akasema. "Niko sawa kabisa."

Hiyo ndiyo nafasi aliyoipigania mwaka mzima, na mimi nikamnyang'anya kwa dakika moja. Akaanza kucheka, taratibu, halafu kwa nguvu, akirudia "bila kichwa, Mama Joel, bila kichwa." Akaingia jikoni. Kulikuwa na makande ya jana kwenye sufuria. Akayala yamepoa, amesimama, kwa mwiko. Nilihesabu kila tonge kimoyomoyo.

Ijumaa, 25 Julai

Amerudi! Cherehani, kiti, mto. Baba Nuru mwenyewe ameshusha. Kabla ya saa nne kola sita zimekaa sawasawa, na ameimba mpaka mnunuzi wa mbaazi ameomba wimbo.

Mchana nikawaita akina mama wote. Nimeungama mbele yao, kwa kuwa kosa nililifanya mbele yao. Walinicheka vibaya sana. Mmoja alikaa chini kabisa. Stahili yangu. Kisha nikawapima upya ukutani, mmoja mmoja, viatu nje, vilemba nje. Mama Fanueli alitaka apimwe na kilemba chake, kinaongeza shubiri nzima, tukabishana kidogo. Jibu la kila mmoja nimemwambia sikioni. Kama anataka kulitangaza, atangaze mwenyewe. Wanne wako sawa. Wawili wamezidi kama mimi.

Mama Fanueli ni 34.1. Nilidhani ataruka kwa furaha kutoka hamsini. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama bado ni juu ya thelathini. Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa. Nimemwambia Jumatatu twende wote kwa nesi. Akanishika mkono.

Gauni lake, lile nililokata kwa hasira, lilikataa kabisa kupita kwenye makalio. Nilitaka kuingia chini ya meza. Mama Nuru akaligeuza huku na huku, akafumua pembeni, akaweka kipande cha satini ya njano kila ubavu, kutoka kwapani mpaka chini. Limetoka zuri kupita yote. Sasa wote wanataka satini ya njano. Kazi imeongezeka na sijali.

Jumatatu, 28 Julai

Nesi amecheka mpaka amevua miwani. Amewaita wenzake wawili, nimesimulia upya. Presha imeshuka kidogo.

Nimejifunza mambo ambayo kikaratasi hakikuwa na nafasi ya kuyasema. Hiyo namba ni ya kubisha hodi tu. Haijui nyama ya misuli na mafuta, kwa hiyo mbeba magunia anaweza kuonekana mnene na wala si mnene. Mjamzito hapimwi kwayo. Watoto wana chati zao. Na kiuno nacho kina habari yake: kwa mwanamke kikipita sentimita 88, moyo na sukari viangaliwe. Nikamjibu hapohapo kwamba changu ni inchi 36, yaani 91. Hicho nakijua, sikukosea kukipima. Hakuniambia nijitese. Ameniambia nianze kwa kushuka kilo nne, nile mboga nyingi kwenye sahani ileile, sukari kidogo, mafuta kidogo, nitembee kila siku. Chapati ya Jumapili imeruhusiwa. Ningembusu.

Mama Fanueli amepimwa sukari. Imepanda. Wameikamata mapema, nesi amesema, na ameanzishiwa kliniki. Tulirudi kwa miguu mpaka sokoni, polepole, tukipumzika. Alisema asingekuja kamwe kama si ile hamsini yangu. Sijui nijisikieje. Nimejisikia vizuri.

Jumapili, 3 Agosti

Sendofu ilikuwa jana. Mwili mzima unauma.

Magauni ishirini na mawili, yote yamekwisha Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Akina mama waliingia ukumbini wakicheza, zawadi kichwani, satini ya njano ikiwaka kila wakigeuka. Mama Fanueli mbele yao wote, amejaa ndani ya gauni lake bila kubanwa popote. Bibi harusi alilia, mama akalia, mimi nikalia kwa sababu kola zilikuwa zimetulia mstari mzima.

Chakula kilikuwa cha kutosha kijiji. Nilichukua kiasi, nikatosheka, sikuona nimenyimwa. Mama Nuru alirudi mara mbili. Mara ya pili alipita mbele yangu akiwa na ndizi nyama na akanikonyeza.

Tumecheza mpaka viatu tumevishika mkononi.

Jumatano, 6 Agosti

Kumepoa. Upepo wa mlima Kwaraha umetimua vumbi asubuhi, kisha ukatulia. Hakuna oda kubwa. Nimekuja kwa miguu kutoka nyumbani, siku ya nane mfululizo.

Mama Nuru ana kipande cha kitenge alichojinunulia mwenyewe, cha bluu. Mchana hapakuwa na mteja. Akasimama mbele yangu bila kusema, akainua mikono ili nimpime. Tangu siku ile ya mlangoni kwake hajanikaribia nikiwa na futi kamba, na mimi sikumwomba.

Nimempima taratibu. Bega. Kifua. Kiuno kimeongezeka inchi moja. Nilimwambia yeye tu, karibu na sikio, ingawa kibarazani tulikuwa wawili.

Hakuishusha mikono.

"Andika," akasema.

Nimeandika.